Bakteria wanaokula kaboni monoksaidi na kutoa haidrojeni, wataalamu naomba msaada

mwalimu_wa_baridi

Habari za jioni wakuu, kuna kitu kinanisumbua kichwa wiki ya pili sasa naomba mnisaidie.

Mimi ni mwalimu wa kemia sekondari huku Makete, na anayeijua Makete anaijua baridi yetu, mwezi wa sita na wa saba unaamka asubuhi unakuta sakitu imetanda majani meupe pee. Watu wanaingiza jiko la mkaa ndani, wanafunga mlango na dirisha, wanalala. Mwaka juzi jirani yangu na mwanae wa darasa la tatu walilala hivohivo, hawakuamka. Huyo mtoto nilikuwa namfundisha hesabu kwa maharage kibarazani kwangu. Tangu siku ile nikifika mada ya kaboni monoksaidi darasani sauti inabadilika yenyewe, wanafunzi wameshanizoea.

Sasa majuzi natafuta vitu vya kuongezea somo nikakutana na habari ya bakteria ambao chakula chao ndo hiyohiyo kaboni monoksaidi, yani wanaila pamoja na maji afu wanatoa haidrojeni. Nilisoma mara tatu nikidhani nimekosea. Gesi inayomuua mtu usingizini, kwa kiumbe mwingine ni ugali wa kila siku.

Naomba kuelewa, inakuwaje haiwaui wao? Na hiyo haidrojeni inatoka wapi wakati CO (hiyo kaboni monoksaidi) haina haidrojeni hata chembe, ni kwenye maji? Na hili la mwisho ndo linaniuma zaidi, je hatuwezi kuwaweka kwenye kitu mfano wa kichujio tukakitundika kwenye nyumba za watu wanaolala na mkaa? Nisaidieni kwa lugha ya kueleweka maana nataka nikawaeleze kidato cha sita.

ngoja_nisome

Pole sana mwalimu kwa jirani na mtoto. Ngoja waje wataalamu, mimi natega sikio hapahapa.

chupa_bila_hewa

Mwalimu heshima kwako, na pole sana. Nipo Ujerumani mwaka wa nne sasa, kazi yangu kila siku ni kukuza bakteria ambao hawataki oksijeni hata kidogo, hivo hapa umenigusa penyewe.

Unachosema ni kweli kabisa na wapo wa aina nyingi. Nitakueleza mmoja ambaye ndo anajulikana zaidi, anaitwa Carboxydothermus hydrogenoformans, jina refu lakini limebeba kila kitu, kaboni ipo, joto lipo, na mwishoni mtengeneza haidrojeni. Alitolewa kwenye chemchemi za maji moto za kisiwa cha Kunashir, kisiwa cha volkano pale karibu na Japani kwenye visiwa vya Kuril, na Warusi akina Vitali Svetlitchnyi wakamtangaza mwaka 1991. Anapenda nyuzi joto kama 70 hivi, maji ambayo wewe ukitia mkono unaungua. Ukimjazia chupa CO tupu asilimia mia, hana habari, anakula tu na kuzaana.

Swali lako la haidrojeni umejijibu vizuri, inatoka kwenye maji. Andika ubaoni hivi: CO + H2O → CO2 + H2. CO inachukua oksijeni kutoka kwenye maji inakuwa kaboni dioksaidi, na ile haidrojeni ya maji inabaki huru. Viwandani mmenyuko huohuo unafanywa miaka zaidi ya mia sasa, kwenye kutengeneza haidrojeni ya mbolea, ila wao wanatumia kichocheo cha chuma na kromiamu kwenye nyuzi 350 mpaka 450 afu hatua ya pili shaba na zinki kwenye nyuzi 200 na kitu. Huyu mdudu anaifanya kwenye nyuzi 70 ndani ya matope.

Anafanyaje? Ana kimeng'enya, yani protini inayoharakisha mmenyuko, kinachoitwa kaboni monoksaidi dihaidrojenesi. Moyoni mwake kuna kifundo kidogo cha atomi za chuma na salfa, na atomi moja ya nikeli. Mwaka 2001 watafiti wa hapa Ujerumani akina Holger Dobbek walipata picha ya kile kifundo atomi kwa atomi. CO inatua kwenye nikeli, kipande cha maji kinashikwa na chuma pembeni yake, vinakutanishwa, inatoka CO2 na elektroni mbili zinabaki. Zile elektroni zinapita kwenye vifundo vingine vya chuma na salfa kama ndoo za maji zinavyopokezanwa mkono kwa mkono kwenye kuzima moto, mpaka kwenye kimeng'enya cha pili kilichojishikiza kwenye utando wa seli, huko ndo zinakutana na protoni mbili inazaliwa H2. Na hicho kimeng'enya cha pili wakati kinatengeneza haidrojeni kinasukuma protoni nje ya utando, zikirudi ndani zinazungusha ile mashine ya kutengeneza ATP, yani nishati ya seli, ileile unayowafundisha kwenye mitokondria. Huo ndo mlo wake wote.

Na ni mlo mwembamba mwalimu, tafadhali waonyeshe wanafunzi. Moli moja ya CO inampa kilojuli kama 20 tu. Glukosi ikiunguzwa kwa oksijeni inatoa zaidi ya kilojuli 2,800 kwa moli. Hivo ili aishi lazima apitishe CO nyingi mno kwa kasi, na kweli kile kimeng'enya kwenye joto lake kinashughulikia makumi ya maelfu ya molekuli kwa sekunde moja. Mimi nikitazama chupa yangu asubuhi presha imepanda huwa nasimama kidogo, maana hakuna mtu aliyewasha moto pale, ni matope na nikeli.

Kwanini haimuui. Sisi CO inatuua kwa sababu inang'ang'ania chuma cha hemoglobini, inashika mara 200 na zaidi kuliko oksijeni, afu inaziba na kwenye mitokondria pale oksijeni inapotumika. Yeye hana damu na hatumii oksijeni, hakuna cha kuziba. Ila msidhani ni rahisi hivo tu, maana hata vimeng'enya vya haidrojeni vya bakteria wengine wengi vinazibwa na CO vikafa, wa kwake vimeumbwa kuvumilia. Kuna na ndugu yao mwingine wa rangi ya zambarau, Rhodospirillum rubrum, huyu ana protini inaitwa CooA yenye hemu, ileile hemu yenye chuma tuliyonayo kwenye damu. CO ikitua pale, badala ya kumnyonga inakuwa kengele ya chakula, inawasha jeni za kutengeneza vimeng'enya vya kuila. Hilo jambo kila nikilifikiria naona limekaa vizuri mno, chuma kilekile, gesi ileile, kwetu kifo kwake taarifa.

La kichujio nitarudi, nina chupa za kubadilisha gesi kabla mlinzi hajafunga jengo.

mwalimu_wa_baridi

Ahsante sana sana mkuu. Hapo kwenye ndoo za kupokezana nimepachukua kama palivyo. Nasubiri la kichujio.

nesi_wa_zamu

Mwalimu pole, naomba niingilie kidogo kabla mtaalamu hajarudi maana hii nimeiona kwa macho yangu.

Mkaa ni hatari kuliko kuni kwa sababu hautoi moshi wa kuwasha macho, mtu anaona jiko limekolea jekundu halina moshi anasema sasa liko salama naliingiza ndani, kumbe hapo ndo linatoa CO bila harufu bila rangi. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kuisha nguvu, watu wanadhani malaria au wamekula kitu kibaya. Ukiona nyumba nzima wanaumwa kichwa usiku mmoja na wakitoka nje wanapata nafuu, usipime malaria kwanza, uliza jiko lililala wapi.

Na wenzangu wa kada za afya mnaosoma hapa, kile kifaa cha kubana kidoleni kinadanganya kwa hawa wagonjwa. Kinasoma 98 au 99 mgonjwa yuko hoi, kwa sababu hakiwezi kutofautisha damu iliyoshikwa na oksijeni na iliyoshikwa na CO. Mimi mwenyewe usiku mmoja nilikiamini kile kifaa, na dada yule tulimpeleka oksijeni tumechelewa, mpaka leo nalibeba. Mpe oksijeni safi kwa barakoa mara moja usisubiri namba. Akiwa anavuta hewa ya kawaida ile CO inachukua masaa manne mpaka matano kupungua nusu kwenye damu, kwa oksijeni safi ni saa moja na kitu hivi.

Endeleeni na bakteria, mimi nasoma.

chupa_bila_hewa

Dada nesi umesema la maana kuliko yangu yote, na pole kwa usiku ule.

Mwalimu sasa kichujio. Kwa hawa wanaotoa haidrojeni jibu ni hapana, na nakueleza kwanini ili mtu asije akakuuzia kitu cha namna hiyo. Kwanza oksijeni. Chumba cha mtu kina hewa, hewa ina oksijeni karibu asilimia 21, na Carboxydothermus akikutana na oksijeni anasimama kabisa. Mimi hapa nikiwahamisha nafanya kazi ndani ya kisanduku cha glavu chenye naitrojeni, chupa zimezibwa kwa mpira mzito, maji yamechemshwa kutoa hewa na tumeongeza kemikali ya kula oksijeni iliyobaki. Pili huyu wa maji moto anahitaji nyuzi 70. Tatu, na hili ni kubwa zaidi, CO haipendi kuingia kwenye maji. Lita moja ya maji kwa nyuzi 25 inabeba miligramu kama 27 tu za CO hata ukiiweka CO tupu juu yake, na chumbani CO ni sehemu ndogo sana ya hewa japo inatosha kuua, hivo itakayoingia majini ni chembe za chembe. Bakteria wanakaa majini. Jiko linatoa gesi haraka, maji yanaipokea taratibu, na mtu anazimia kwa dakika.

Wapo wengine wanaokula CO pamoja na oksijeni, mfano Oligotropha carboxidovorans, huyu kimeng'enya chake hakina nikeli kina molibdenamu na shaba, anaishi kwenye hewa ya kawaida na wala hatoi haidrojeni, anatoa CO2 tu. Ndugu zake wa aina hiyo wamejaa kwenye udongo, hata huo wa shamba lako la viazi, na udongo wa dunia nzima unanyonya zaidi ya tani milioni 100 za CO kutoka angani kila mwaka. Kwaiyo kazi ya kusafisha wanaifanya kweli, ila wanaifanya kwa eneo la mabara na kwa mwaka mzima. Chumba kimoja usiku mmoja hawawezi. Kwa jirani zako cha kuwasaidia ni jiko kuwashwa nje na kubaki nje, na dirisha.

Najua ulitaka jibu lingine.

mwalimu_wa_baridi

Nilitaka ndio. Lakini bora ukweli. Tundu la ukutani juu karibu na paa tunaweza kuwashawishi watu wakatoboa, watalalamika baridi ila nitaanza na nyumba yangu.

pumba_mbarali

Wakuu nimeusoma huu uzi kuanzia juu, mimi nipo upande wa mashine za kukoboa mpunga huku Mbarali. Ukikoboa gunia, kama sehemu moja ya tano ya uzito inatoka pumba, milima na milima ya pumba, tunazichoma tu pembeni ya barabara moshi unawapofusha madereva, roho inaniuma kila msimu.

Miaka kadhaa nyuma tulijaribu mtambo wa kugeuza pumba kuwa gesi, unaunguza pumba kwa hewa kidogo isiyotosha, inatoka gesi ambayo CO ni kama asilimia 15 mpaka 20, haidrojeni kidogo, na nusu nzima ni naitrojeni ya hewa. Tuliendesha nayo injini ya dizeli iliyofungwa jenereta. Kilichotushinda ni lami, inaganda kwenye mabomba na vali mpaka injini inakaba, kila wiki tunafungua tunakwangua, na mwenye mtambo aliyetuuzia akawa hapokei simu. Tukaacha.

Sasa swali langu kwa mtaalamu, hiyo gesi yangu nikiipitisha kwenye tenki la hao bakteria si napata haidrojeni nyingi? Huku joto lipo, maji yapo, pumba ndo usiseme. Haidrojeni si ndo wanasema mafuta ya baadae?

chupa_bila_hewa

Mkuu wa Mbarali, swali zuri, na wewe kwenye oksijeni umeshapona kwa sababu gesi yako ikitoka sawasawa oksijeni imeshaliwa na moto.

Ila kabla ya tenki fanya hesabu hii. Moli moja ya CO ukiichoma inatoa kilojuli 283. Moli moja ya haidrojeni ukiichoma inatoa 286, na hapo ni mpaka ule mvuke upoe uwe maji ndo unaipata yote. Bakteria anakupa moli moja kwa moli moja. Maana yake kama lengo ni kuendesha injini, umefanya kazi ya tenki, pampu, na kulisha wadudu ili upate nishati ileile uliyokuwa nayo. CO yenyewe inaungua vizuri tu kwenye injini, ulishaona. Adui wako pale ni lami, na lami bakteria hawakusaidii, ina vitu kama fenoli vinavyowadhuru na wao pia. Wewe pesa yako iweke kwenye kupoza na kuchuja gesi.

Haidrojeni inakuwa na maana pale ambapo unaihitaji yenyewe kama haidrojeni. Amonia ya mbolea haitengenezwi na CO, inataka H2. Seli za mafuta za kwenye magari, yani vifaa vinavyogeuza haidrojeni kuwa umeme, zinataka H2, na CO ikibaki hata sehemu kumi kwa milioni zinaanza kulegea. Hapo ndo kuna faida ya kufanya mmenyuko kwenye joto la chini, maana kadri joto linavyopungua mizani ya mmenyuko inaelemea upande wa haidrojeni, CO inakaribia kuisha. Na kichocheo cha shaba kikionja salfa kidogo kimekufa, bakteria salfa ya kiasi hawaiogopi, wameishi kwenye harufu ya mayai viza maisha yao yote.

Kinachowakwamisha watu wote ni kilekile nilichomwambia mwalimu, kuiingiza CO majini. Bakteria wana njaa, gesi ipo juu yao, maji katikati yanakataa. Ndo maana watu wanahangaika na mapovu madogomadogo, na nyuzi zenye uwazi katikati ambazo gesi inapita ndani na bakteria wamejibandika nje, na kuongeza presha, na kumwagilia maji taratibu juu ya vipande vya plastiki vilivyoota bakteria huku gesi inapanda. Kukoroga kwa nguvu kunasaidia lakini umeme wa kukoroga unakula faida yote. Asilimia tisini ya kazi yangu hapa ni mabomba na mapovu, biolojia yenyewe imeshamalizwa na mdudu.

Waliofika mbali naona ni Wakorea. Wao hawatumii bakteria hasa, wanatumia arkea, kiumbe cha seli moja kinachofanana na bakteria ila ni ukoo mwingine, anaitwa Thermococcus onnurineus, alitolewa kwenye matundu ya maji moto chini ya bahari karibu na Papua New Guinea, anapenda nyuzi 80. Wamemlisha gesi taka ya viwanda vya chuma. Na hapo ndo penyewe, gesi inayotoka kwenye tanuri la kusafishia chuma inaweza kuwa na CO zaidi ya nusu, bure, kila siku, sehemu moja, na vinginevyo wanaichoma juu ya bomba. Kampuni ya LanzaTech iliyoanzia New Zealand inatumia gesi ya namna hiyo na bakteria mwingine, Clostridium autoethanogenum, aliyetolewa kwenye mavi ya sungura, yeye anatoa ethanoli badala ya haidrojeni, na kiwanda chao cha kwanza cha biashara kilianza China mwaka 2018 kwenye kiwanda cha chuma. Kwaiyo wadudu wa CO viwandani sio ndoto, tayari wapo kazini, ila wapo kwenye chuma na sio kwenye pumba.

pumba_mbarali

Daah. Umenirudisha kwenye vichujio. Lakini nimeelewa na nimeokoa hela, ahsante mkuu. Hiyo hesabu ya 283 na 286 hakuna aliyewahi kunionyesha.

mkazi_wa_nakuru

Sasa wadau, mimi niko Nakuru, Kenya. Hii mambo ya chemchemi za moto imenishika kwa sababu hapa kwetu tuko nazo mingi, Bogoria maji inatokota ata watu wanachemsha mayai na mahindi kando ya ziwa, na Olkaria huko Naivasha ndio stima inatoka. Hizo bakteria zinapatikana Urusi na Japani pekee ama hata matope yetu inaweza kuwa nazo? Na mtu anazitafuta aje?

chupa_bila_hewa

Ndugu wa Nakuru, hawa hawana kwao pahali pamoja tu. Ndugu zao wametolewa bonde la chemchemi zinazorusha maji moto kule Kamchatka, Urusi, Yellowstone kule Marekani, sakafu ya bahari ya Okinawa, karibu na ziwa Baikal. Kokote penye joto la ardhini gesi za volkano zinakuja na CO kidogo, na mabaki ya mimea yakipikwa na joto nayo yanatoa, na hicho kidogo kinawatosha. Bonde la Ufa lina vyote viwili. Ila Bogoria maji yake ni ya magadi, pH (kipimo cha asidi na magadi) inakaribia 10, na Carboxydothermus wa Kunashir anataka 7. Kwa Bogoria mimi ningemtafuta mtu wa aina ya Thermincola carboxydiphila, yule wa upande wa Baikal, anapenda nyuzi kama 55 na maji yenye ugadi kiasi.

Namna ya kutafuta haijabadilika sana tangu zamani. Unachota matope na maji ya chemchemi, unajaza chupa mpaka mdomoni bila kuacha hewa, unaziba. Maabara unahamishia kidogo kwenye chupa yenye chumvichumvi, nikeli kidogo sana maana bila nikeli hawana kimeng'enya, juu unaweka CO badala ya hewa, unaweka kwenye joto la chemchemi ilikotoka, na unasubiri. Kila siku unavuta gesi kidogo kwa sindano unapima. CO ikishuka na haidrojeni ikapanda sawasawa, moja kwa moja, umempata. Afu ndo unaanza kazi ya kumtenganisha na wenzake, unapunguza mara kumi, mara kumi, mara kumi, mpaka abaki peke yake.

Na tafadhali sana, hii ni kazi ya maabara yenye kabati la kuvuta hewa kuitoa nje na kengele ya CO kifuani kwa kila mtu. Mimi yangu ikilia natoka mbio naacha kila kitu mezani. Asijaribu mtu chumbani kwake. Nendeni chuo chochote chenye idara ya mikrobiolojia mkawaombe, chupa za matope ni rahisi kubeba kwenye basi.

mkazi_wa_nakuru

Nimesoma ya pH mara mbili, poa sana. Binamu yangu anasomea mikrobiolojia mwaka wa tatu na anatafuta mada ya projekti, namtumia hii yote leo usiku.

nesi_wa_zamu

Naomba kuuliza na mimi, kile kimeng'enya chao chenyewe hakiwezi kutolewa kikawa dawa, kimwingie mgonjwa kikaile CO kwenye damu?

chupa_bila_hewa

Dada nesi, cha kwao kinaharibika kwa oksijeni, damu ina oksijeni tele, kingekufa kabla hakijafanya kazi. Ila wazo lako sio geni, kuna watafiti Marekani wanatengeneza protini za kunyang'anya hemoglobini CO, wanazijaribu kwa wanyama wa maabara, zinaishika CO kwa nguvu kuliko hemoglobini inavyoishika. Moja ni neuroglobini ya binadamu iliyobadilishwa kidogo, na nyingine, sikiliza hii, inatokana na protini ya bakteria inayonusa CO, kazi ileile ya CooA. Kengele ya chakula ndo inafundishwa kuwa dawa. Kwa sasa shikilia barakoa yako ya oksijeni.

mwalimu_wa_baridi

Wakuu nimekaa na huu uzi siku tatu. Leo kipindi cha pili nimewaandikia kidato cha sita ubaoni kilo 28 za CO na kilo 18 za maji, nikawauliza zinatoka kilo ngapi za nini. Binti mmoja wa nyuma kabisa ambaye huwa hasemi akanyoosha mkono, akasema 44 za kaboni dioksaidi na 2 za haidrojeni, afu akauliza, mwalimu sasa kama zinatoka 44 za kaboni dioksaidi hiyo haidrojeni ni safi kweli? Nikamwambia inategemea CO imetoka wapi, kama ni pumba zilizoota mwaka huu ni kitu kimoja, kama ni makaa ya mawe ni kingine. Nimejibu sawa?

chupa_bila_hewa

Umejibu sawa kabisa mwalimu. Na huyo binti mwambie kuna mtu Ujerumani amesema hilo swali watu wazima wengi wanalisahau.

mwalimu_wa_baridi

Nitamwambia kesho asubuhi. Tundu la ukutani nimeshatoboa, inchi sita, chini kidogo ya paa. Jirani mmoja amekuja kuangalia jioni hii, amekopa patasi.